Mtambo Usiojua Kwamba Tulihama

Jumapili, 10 Septemba 1978

Mwalimu wa elimu ya watu wazima anasema mtu akishajua kuandika asiuache mkono ulale. Wangu haujalala tangu darasa la nne kwa Masista, ila karatasi ndiyo ilikuwa shida. Sasa shida imekwisha. Renatus amekuja likizo kutoka Mwanza, ameniletea bunda la karatasi pana zenye mistari ya kijani na vitundu pembeni. Upande mmoja umejaa tarakimu, upande wa pili mweupe kabisa. Ni karatasi za kompyuta. Katika Biharamulo nzima sidhani kama yupo mama mwingine anayeandika juu ya karatasi ya kompyuta. Kama yupo, ajitokeze.

Jumanne, 12 Septemba

Jioni watu walikuja kumsikiliza Renatus. Anasema mtambo wao ni mkubwa kama ghala mbili, unakaa katika chumba chenye baridi kuliko asubuhi ya Juni, na hauli ila kadi zilizotobolewa matundu. Ukishakula kadi unatoa orodha: kijiji gani kipewe mbegu magunia mangapi, apokee nani, lori lipite wapi. Kazi ya makarani kumi kwa mwezi, wenyewe unaimaliza kwa siku mbili. Jirani yangu Speciosa, mama yake Theonest aliye jeshini, akauliza kama mtambo huo unajua pia kupalilia. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia Mama Theonest kwamba wa kwako anabeba bunduki, wa kwangu anabeba akili ya kanda nzima, kila mtu na mzigo wake.

Alhamisi, 14 Septemba

Mkutano wa kijiji. Bwana shamba alisema mwaka huu mbegu bora zitatoka ofisi ya kanda, mahindi mafupi yanayokomaa mapema, na ya zamani tusiyapande yasije yakachanganyika. Akina mama wakauliza, na haya tuliyotundika juu ya meko kwa mbegu tufanyeje? Kila mtu anajua hali ilivyo. Muhogo umeliwa na nguruwe mwitu, ghalani unasikika upepo tu. Hapo nikasimama. Nilisema orodha ya mbegu inatolewa na mtambo, na mtambo uko mikononi mwa mwanangu, huyu hapa amekaa. Shusheni mahindi myale, mbegu zitafika kabla mvua haijashika.

Renatus alikuwa akijikuna shingo. Tulipokuwa tunarudi akasema, "Mama, ungesubiri kwanza wazione." Nikamwambia unyenyekevu ni mzuri kanisani.

Ijumaa, 15 Septemba

Likizo imekwisha leo ila nimemzuia. Jumapili kuna komunyo ya kwanza ya binti wa shemeji yangu, na nimeshasema kwa watu kwamba Renatus atasoma somo. Analalamika kwamba orodha inatoka wiki hii na lazima awepo. Nikamwuliza, mtambo si unajifanyia wenyewe? Akajikuna shingo. Siku nne si kitu.

Jumanne, 19 Septemba

Ameondoka. Somo alilisoma vizuri, hata Padri alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Jumapili, 1 Oktoba

Mvua ya kwanza. Udongo umelainika. Mbegu bado.

Jumatano, 4 Oktoba

Mvua. Mbegu bado.

Jumapili, 8 Oktoba

Mvua nzuri, ile ya kulowesha hadi mpini wa jembe. Baada ya misa wanawake sita waliniuliza, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba walipanga foleni. Nikawajibu wote sawasawa: ziko njiani. Speciosa alikuwa wa saba. Yeye hakuuliza. Alitazama mawingu, akanitazama mimi, akatazama tena mawingu, akaenda zake. Afadhali angeuliza.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimepata barua ya Renatus, naye ananiomba nisimwambie mtu. Nimemwambia baba yake tu.

Kumbe mtambo ule ni wa zamani. Ulitengenezwa Ulaya, na aliyekuwa anakuja kuutazama ni fundi wa kampuni aliyekaa Nairobi. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka jana, fundi hakuonekana tena. Sasa kampuni imeandika kwamba ifikapo tarehe 31 Desemba mwaka huu haitautunza tena mtambo wa namna hiyo popote duniani. Haitaleta vipuri wala fundi, na lililo baya kuliko yote, haitauandikia tena yale maelekezo unayoyafuata, Renatus anayaita programu. Programu mpya zinaandikwa kwa mitambo mipya tu. Nunueni mpya. Na serikali imesema hakuna fedha ya kigeni ya kuchezea mitambo. Kwa hiyo mtambo ni mzima, unanguruma, unakula kadi zake, lakini ukikosea hakuna wa kuukanya.

Nimeisoma mara tatu na kila mara nimezidi kukasirika. Ni watu wa namna gani hawa? Unamwuzia mtu ng'ombe, unamwambia lugha ya kumwita ng'ombe tunaijua sisi tu, halafu unamwandikia kwamba kuanzia Desemba hatutamwita tena. Baba Renatus alisikiliza yote, akasema, "Na mbegu ziko wapi?" Mume wangu Anatory ni mtu wa maneno machache, na machache yenyewe yanachoma.

Ijumaa, 20 Oktoba

Nimekwenda kwa Mwenyekiti, Ndugu Pancras. Anasema ameshaandika wilayani. Wilaya inasema imeshaandika kanda. Naona Tanzania nzima tunaandikiana.

Alhamisi, 26 Oktoba

Mvua. Bado.

Alhamisi, 2 Novemba

Ni vita. Redio ya kijiji ilizungukwa na watu hadi watoto wakakaa mabegani. Adui amevuka, amekamata nchi hadi mto Kagera, watu wa kule wanakimbia na mbuzi wao. Nchi nzima iko vitani. Malori yote yanachukuliwa kubeba askari.

Speciosa alisikiliza amesimama peke yake. Theonest yuko kikosini na hakuna anayejua kikosi chenyewe kimepelekwa wapi. Nilitaka kumwambia neno, nikakosa. Mimi, kukosa neno.

Jumanne, 7 Novemba

Alfajiri tumesikia lori. Halikuingia kijijini. Liliiacha barabara kule kwenye njia panda, likapanda njia ya Nyarubanga. Nyarubanga ni mahame, ndiko tulikohamishwa mwaka 1974 kuja hapa Nyamigogo. Hakuna mtu kule, nyumba ziliezuliwa, ni majani na migomba. Sasa lori linatafuta nini mahame alfajiri, wakati wa vita? Mwenyekiti alisema ama ni adui aliyepotea njia ama ni jeshi letu lenye siri yake, na yote mawili hayatuhusu. Tunabeba watoto, tunakwenda kulala mabondeni. 

Ijumaa, 10 Novemba

Tumerudi jana, baada ya siku mbili mabondeni, mvua ikitunyeshea kama inatudai. Hakuna aliyekwenda kutazama, na Mwenyekiti amekataza. Naandika huku nakohoa.

Jumapili, 12 Novemba

Baada ya misa mama mmoja, wala simtaji, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba yeye mahindi yake ya mbegu yalikuwa matamu sana, ahsante Mama Renatus. Nimerudi nyumbani bila kusalimia watu.

Jumatano, 15 Novemba

Leo nitaandika hadi wino uishe.

Anatory huwa anakwenda Nyarubanga kukata ndizi za migomba yake ya zamani. Ni marufuku, amri ya wilaya, mtu haruhusiwi kurudi mahame. Wanaume wote wanakwenda, na wote wanasema hawaendi. Leo alirudi mapema, hana ndizi, amelowa, akakaa bila kuvua kofia. Nikajua kuna jambo. Akasema, "Mbegu ziko kwa baba."

Kwa baba maana yake ni uwanja wa marehemu mkwe wangu, Mzee Nyandwi, pale ilipokuwa nyumba yake. Magunia arobaini na moja, yamepangwa vizuri kabisa, yamefunikwa turubai lililochanika. Siku ya tisa leo yananyeshewa. Juu yake, chini ya jiwe, karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. Anatory alikuwa nayo kifuani. Aliponipa niliitambua kabla sijaisoma: mistari ya kijani, vitundu pembeni.

Imeandikwa: KIJIJI NYARUBANGA. KAYA 61. MPOKEAJI NYANDWI BERNARDO, MWENYEKITI.

Mzee Nyandwi tulimzika mwaka 1975, hapa hapa Nyamigogo, nami ndiye niliyemwosha miguu.

Tuliangaliana. Mtambo ule haujui kwamba tulihama. Miaka minne tumevunja nyumba, tumebeba milango kichwani, tumejenga upya kwa mstari kama askari wa gwaride, na wenyewe katika chumba chake cha baridi bado unatuona tumekaa Nyarubanga, Mzee yu hai anapokea mbegu. Dereva akafika, hakuona mtu, ana amri ya kuwahi kwenda kuchukua askari, akateremsha palipoandikwa. Na sisi tuliosikia lori lake tukakimbilia mabondeni kuzikwepa mbegu zetu wenyewe.

Nilicheka. Anatory akadhani nimerukwa akili. Halafu kicheko kikakatika, maana niliona jambo lenyewe lilivyo. Tukinyamaza, mbegu zitaoza zote na watu hawatakuwa na kitu cha kupanda hadi Machi. Tukisema, Anatory ataulizwa alikuwa anatafuta nini mahame. Na karatasi hii inatoka kwa mwanangu. Kila mtu atajua kwamba akili ya kanda nzima haikujua tunakaa wapi.

Anatory alisema, "Mimi wanifunge siku mbili, si kitu. Wewe je?" Ananijua.

Nikavaa khanga nikaenda kwa Mwenyekiti.

Alhamisi, 16 Novemba

Jana usiku wino ulinikatikia kweli.

Mwenyekiti Pancras alikuwa na katibu wake, Idefonsi, ambaye hata kuku akitaga anataka hati. Niliwapa shikamoo zao, nikawaambia kwamba mimi ndiye niliyekwenda Nyarubanga kutafuta kuni, nikaona magunia. Pancras akasema, Mama Renatus, kuni saa mbili na nusu kwa miguu? Nikasema ni kuni nzuri. Hakuuliza tena. Anayo migomba yake kule, najua.

Nilidhani tutabeba magunia jioni ile ile. Thubutu. Idefonsi aliisoma karatasi, akaigeuza, akaisoma tena, akasema mzigo huu si wa kijiji chetu. Ni wa Nyarubanga. Kijiji chetu kikichukua mbegu za kijiji kingine ni wizi wa mali ya umma, na wakati huu ni wa vita. Nikamwambia Ndugu Katibu, Nyarubanga ni sisi. Wewe mwenyewe ulizaliwa kule, nyumba ya nne kutoka kisimani. Akasema anajua alikozaliwa, lakini karatasi haijui. Na mpokeaji lazima aweke sahihi. Nikamkumbusha mpokeaji yuko kaburini. Akasema hilo nalo ni tatizo.

Wakaamua kupeleka mtu wilayani kuomba maelekezo. Wilaya ina vita, itajibu nini? Na mvua inanyesha.

Ijumaa, 17 Novemba

Bado wanasubiri jibu. Mvua.

Jumamosi, 18 Novemba

Mvua asubuhi nzima. Mchana nilikwenda ofisini kwa Idefonsi, nikamwomba karatasi na kalamu yake. Pale penye SAHIHI YA MPOKEAJI nikaandika, herufi moja moja, Nyandwi Bernardo. Chini yake: marehemu. Chini yake: kwa mkono wa mkwewe, aliyemzika.

Nikasema, "Haya. Sahihi hiyo. Akifufuka mpeleke mahakamani."

Idefonsi aliisoma herufi kwa herufi. Nilidhani atanifukuza. Akachukua mhuri, akaupuliza, akagonga. Alichokuwa anataka ni sahihi tu. Siku tatu mbegu zinaota ndani ya magunia, kwa kukosa jina la maiti.

Nilipotoka nje Speciosa alikuwa amesimama na kamba ya kubebea, na nyuma yake wanawake kama arobaini. Alinirushia kamba nyingine.

Jumatatu, 20 Novemba

Mabega yangu ni kidonda. Tuliyoyakuta Nyarubanga: magunia ya chini yameoza, yananuka kama pombe. Ya katikati ni makavu, kumi na sita, hayo tumeyaleta nyumbani. Ya juu na ya pembeni yameota, vimizizi vyeupe vimetoboa gunia. Idefonsi akasema hayo yaandikwe hasara.

Speciosa alichana gunia moja, akachota mkono mzima wa mbegu zilizoota, akasema, "Hizi hazifiki Nyamigogo. Zitakatika njiani. Zinataka udongo leo." Kisha akashika jembe lake, akaanza kulima palepale, uwanjani kwa mkwe wangu, penye samadi ya miaka thelathini.

Kulima mahame ni kosa kubwa kuliko kukata ndizi. Wote tulimtazama Mwenyekiti. Pancras akatazama juu, akasema anaona mvua inakuja upande ule, akageuka akatazama upande ule mpaka jioni. Tulipanda hadi giza. Kila mwanamke alijikuta amesimama kwenye kiwanja chake cha zamani, hakuna aliyepanga. Mimi nilipanda penye jiko langu.

Alhamisi, 23 Novemba

Tumemaliza kupanda yale makavu, hapa kijijini. Tumechelewa wiki sita. Mvua ikikatika Krismasi, basi.

Jumapili, 3 Desemba

Yameota. Ya mahame yamefika kwenye goti la mtoto. Ya hapa yana vidole viwili. Hakuna habari za Theonest.

Ijumaa, 8 Desemba

Palizi.

Alhamisi, 21 Desemba

Renatus amekuja jana, amekonda. Mtambo unazimwa mwisho wa mwezi. Makarani wametawanywa kila wilaya na madaftari kuandika upya vijiji kwa mkono, kaya kwa kaya, na yeye kapewa huku. Majirani wameshaanza: akili ya kanda imerudi kuhesabu kwa vidole. Nilikuwa na majibu tayari, matamu, ila kwanza nilimweka chini nikamuuliza juu ya karatasi ile.

Aliniambia taratibu. Majina ya vijiji yamo ndani ya programu yenyewe, yaliwekwa na fundi mwaka 1972. Tulipohamishwa, ofisi ilimwomba ayabadilishe, akasema atafanya kwenye mtambo mpya watakaponunua. Tangu hapo kila orodha ikitoka, Renatus alikaa nayo na kalamu nyekundu. Anakata Nyarubanga, anaandika Nyamigogo. Anamkata babu yake, anaandika Pancras. Vijiji mia mbili na zaidi, kila msimu, kwa mkono wake. Hakuna aliyemwagiza, na hakuna mwingine aliyejua kila kijiji kilitoka wapi.

"Na safari hii?" nikauliza.

"Safari hii ilitoka tarehe kumi na nane, Mama."

Akanywa uji wake. Tarehe kumi na nane Septemba alikuwa hapa nyumbani kwangu, kwa sababu nilitaka watu wamwone anasoma somo.

Kumbe mtambo ule haukuwa na akili hata kidogo. Akili ilikuwa kalamu nyekundu. Nilijivunia chuma miaka yote hii, mtu mwenyewe nikamzuia asiende kazini.

Ijumaa, 22 Desemba

Sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda kumsaidia Speciosa palizi bila kuitwa. Mstari wa tatu nikamwambia yote: siku nne, komunyo, orodha, kalamu. Nikamwambia pia kwamba kuwaambia watu wazile mbegu zao ilikuwa majivuno yangu, hakuna aliyenituma.

Alipalilia hadi mwisho wa mstari. Akasimama, akajinyoosha mgongo.

"Nilijua mkono wako umo, Mama Renatus. Hapa Nyamigogo hakiharibiki kitu bila wewe kukisifu kwanza."

Nikasema nisamehe. Akasema, palilia.

Jumatatu, 25 Desemba

Noeli. Mvua haijakatika. Padri ameombea askari, akawataja wa kwetu mmoja mmoja. Lilipotajwa jina la Theonest, Speciosa alinishika mkono, akausahau mkononi mwake hadi mwisho wa misa.

Jumapili, 31 Desemba

Leo ndiyo siku ya mwisho ya mtambo. Renatus anasema saa kumi jioni mlinzi atabonyeza kitufe, basi. Hakuonekana kusikitika. Alikuwa na haraka ya kumaliza mstari wa mwisho wa nyumba kabla ya mvua, nami nikafuatana naye, maana anasahau watu wamehamia wapi, na mimi sisahau. Orodha hii ndiyo itakayogawia mbegu za Machi, kwa idadi ya watu.

Amekuwa akiandika vizuri, kwa utaratibu, anauliza kila jina mara mbili. Jina la babu yake amelikata mwenyewe mbele yetu, na la kijiji akaandika Nyamigogo. Mahindi ya mahame yamebeba mbelewele, hilo halikuandikwa mahali, na Idefonsi hakuuliza.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Speciosa. Renatus akampa shikamoo, akakaa kwenye kigoda, akafungua daftari juu ya goti.

"Mama, hapa wanakula wangapi?"

"Saba."

Ndani mle wanalala sita. Najua, Renatus anajua, kijiji kizima kinajua. Tangu Oktoba hakuna barua. Idefonsi, aliyekuwa nasi na mhuri wake, akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

Renatus hakuniangalia. Aliandika saba, akachora mstari chini yake.

"Nitajie majina, Mama."

"Theonest," akasema Speciosa.

Mwanangu alikaa dawati moja na Theonest miaka saba. Akainamisha kichwa juu ya daftari, akauliza jina hilo linaandikwaje, akamsubiri amtajie herufi zote, moja moja, hadi ya mwisho.